Punje Mia Tatu

Tulipokuwa kidato cha tatu, basi la shule lilitushusha karibu na Bonde la Olduvai, mbele ya tuta la mchanga mweusi lenye umbo la mwezi mwandamo. Mwongozaji alituambia kwamba tuta lile linatembea. Upepo hulisukuma mita kadhaa kila mwaka kuelekea magharibi, na nyuma yake kulikuwa na vigingi vilivyoandikwa miaka ili wageni waone lilikuwa wapi zamani. Akachota konzi ya mchanga, akaurusha juu. Badala ya kupeperuka, ukaanguka pale pale kwenye tuta, kwa kuwa chembe zake zina madini ya chuma yanayovutana kama sumaku. "Umetoka Oldoinyo Lengai," alisema, akanyoosha mkono kaskazini mashariki, ulipo mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Tukapiga picha, tukala mandazi tuliyofungashiwa, tukarudi kwenye basi.

Jibu lile liliniridhisha kwa miaka mingi. Mchanga una mama, mama yake ni mlima, na mlima wenyewe unajulikana kwa jina. Nilipoanza shahada ya uzamili ndipo nilipojua kwamba mchanga mwingi wa majangwani hauna mlima wa kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba kuna watu waliomalizia ujana wao kumtafuta mama huyo.

Muhula uliopita mwanafunzi mwenzangu alirudi kutoka Namibia na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa mchanga. Aliuchota kando ya barabara karibu na Lüderitz, mji wa pwani kusini mwa nchi hiyo. Nikapewa uwe zoezi langu. Kazi yenyewe ukiieleza haina mvuto. Unaosha mchanga, unaukausha, unauchekecha, kisha unaumimina kwenye kimiminika kizito. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mwingi tunaoukanyaga, huelea. Madini mazito kama ganeti, zirkoni na pairoksini huzama. Unakusanya yale yaliyozama, ambayo hata kijiko cha chai hayajazi, unayagandisha kwenye kioo, unakaa mbele ya hadubini na kuanza kuhesabu. Punje mia tatu. Kila moja lazima uitaje jina.

Mzee anayetunza maabara yetu alinitazama siku ya pili, akatikisa kichwa. "Binti, umetoka kwenu kuja kuhesabu mchanga?" Kwa watu wa rika lake, kuhesabu mchanga ni jina jingine la kazi ya bure.

Kazi hiyo ya bure ina historia, na mojawapo ya visa vyake vya mwanzo ni kisa cha wizi. Mwaka 1856, kwenye reli ya Prussia, pipa lililotakiwa kuwa na sarafu za fedha lilifika mwisho wa safari likiwa limejaa mchanga. Mtaalamu wa Berlin, Christian Gottfried Ehrenberg, aliletewa mchanga kutoka vituo vilivyokuwa njiani, akaulinganisha na ule wa pipa chini ya hadubini, akasema pipa lilifunguliwa kituo gani. Ehrenberg huyo ndiye aliyepima pia vumbi ambalo Charles Darwin alilikusanya kwenye meli ya Beagle katika Atlantiki, vumbi lililopeperushwa kutoka Afrika. Miongo michache baadaye Mwingereza Henry Clifton Sorby akaanza kuzisoma punje za mchanga moja moja, akitafuta katika umbo na madoa yake mwamba zilikozaliwa. Kwa hiyo sayansi hii tangu mwanzo inafanana na upelelezi. Kuna kitu kimekutwa mahali ambapo si kwao, na swali ni nani alikileta na kwa njia gani.

Jangwa la Namib ni kesi ngumu ya aina hiyo. Kaskazini ya Lüderitz inaanza bahari ya mchanga yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 30,000, matuta mengine yakiwa marefu kuliko ghorofa yoyote ya Dar es Salaam, na yote yanakoma ghafla kwenye bonde la Mto Kuiseb, ambao mafuriko yake ya mara chache husomba kila kinachothubutu kuvuka. Mchanga wote huo umetoka wapi? Kwa muda mrefu washukiwa walikuwa watatu. Wa kwanza ni mito mifupi inayoshuka kutoka milima ya mashariki na kufia jangwani. Wa pili alikuwa chini ya miguu yenyewe: mwamba wa kale wa mchanga ulioganda, unaoitwa Tsondab, ambao ni mabaki ya jangwa lililokuwepo kabla ya hili, na ambao ungeweza kumomonyoka ukawa matuta upya. Wa tatu alikuwa mbali sana kiasi kwamba ni rahisi kumcheka aliyemtaja: Mto Orange, ambao unaanzia milima ya Lesotho, karibu na upande wetu wa bara, ukakata Afrika Kusini kwa zaidi ya kilometa 2,000, ukaingia Atlantiki kusini mwa jangwa lenyewe.

Kwatzi haikuweza kuamua kesi hii, kwa sababu kwatzi ya Lesotho na kwatzi ya jirani zinafanana kama maji na maji. Walioamua ni mashahidi wadogo, yale madini yaliyozama.

Zirkoni ndiyo shahidi mkaidi kuliko wote. Ni ngumu, haiozi, na inaweza kupita katika mito na miamba kadhaa bila kusagika. Inapozaliwa ndani ya mwamba ulioyeyuka hukaribisha urani kidogo na kuikataa risasi (namaanisha metali, si ya bunduki). Tangu siku hiyo urani iliyomo ndani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani 238 huisha katika miaka bilioni 4.47. Ukipima kilichobaki na kilichozaliwa, unapata umri wa punje. Mwaka 2010 Pieter Vermeesch na wenzake walichapisha umri wa zirkoni za matuta ya Namib, na orodha yake ilikuwa ile ile ya zirkoni za Mto Orange: kundi kubwa la karibu miaka bilioni 1, jingine la kati ya milioni 500 na 600, na mengine madogo. Walipima pia alama zinazoachwa na miale ya anga kwenye mchanga unaokaa juani, wakakuta kwamba mchanga umekuwa ukizunguka ndani ya bahari ile ya matuta kwa miaka isiyopungua milioni moja. Miaka miwili baadaye kundi la Eduardo Garzanti wa Milano likaongeza ushahidi wa madini mengine. Kwenye ukingo wa mashariki kweli kuna mchanga wa mito ya jirani, lakini sehemu kubwa ya Namib ni mali ya Orange.

Mimi shahidi ninayempenda ni pairoksini. Ni punje ya kijani iliyofifia, na ni dhaifu. Kwenye udongo wetu wenye mvua na joto ingeoza na kuwa kutu. Pairoksini za Namib zimetoka kwenye basalti ya Lesotho, lava iliyomwagika miaka milioni 183 hivi iliyopita, wakati bara kuu la kusini lilipokuwa linajiandaa kupasuka. Kwamba zimefika salama kwenye kioo changu maana yake ni kwamba njia yao ilikuwa kavu kwa sehemu kubwa, na kwamba tangu zifike jangwani hazijaloweshwa vya kutosha kuziua. Nilipoona ya kwanza nilimwita mzee aje aione. Akainama, akafumba jicho lisilohusika, akasema, "Kama kipande cha chupa ya soda." Ni kweli.

Safari yenyewe ni hii. Mto unaushusha mchanga hadi baharini. Baharini mawimbi makubwa yanayotoka kusini hupiga ufuko kwa mshazari, kila wimbi likisogeza mchanga hatua moja kuelekea kaskazini, kwa mamia ya kilometa. Penye ghuba au ufuko uliolala vizuri, bahari huutema. Upepo wa kusini, ambao pale Lüderitz huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, huukausha na kuuingiza bara. Karibu na bahari matuta yana rangi ya biskuti. Kadiri unavyokwenda ndani yanakuwa mekundu, kwa kuwa punje zimepata ngozi ya kutu ya chuma. Mchanga ambao haukutemwa huendelea na safari baharini, na mwingine umetambuliwa hadi kusini mwa Angola.

Kitu kingine kilichopita njia hiyo hiyo, na ambacho kwa ajili yake watu walianza kuuliza maswali ya mchanga huu muda mrefu kabla ya akina Vermeesch, ni almasi.

Mwaka 1908 reli ya Wajerumani iliyotoka Lüderitz kwenda bara ilikuwa na adui asiyelala. Upepo ule ule wa kusini uliimwagia mchanga usiku na mchana, na ilibidi wawepo watu wa kuuzoa kwa sepetu ili treni ipite. Mmoja wao aliitwa Zacharias Lewala. Alikuwa amewahi kufanya kazi Kimberley, kwenye machimbo ya almasi ya Afrika Kusini, kwa hiyo tarehe 14 Aprili, alipoona jiwe dogo linalong'aa kwenye sepetu yake karibu na Kolmanskop, alijua ameona nini. Akalipeleka kwa msimamizi wake, nalo likamfikia August Stauch, Mjerumani aliyesimamia kipande hicho cha reli. Stauch akakata vibali vya uchimbaji kimya kimya, akaacha kazi ya reli, akawa tajiri. Mwezi Septemba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatangaza eneo lote kuanzia Mto Orange kuwa marufuku kuingiwa. Lewala hakupewa zawadi yoyote. Vitabu vya historia ya almasi humwacha pale pale relini, sepetu mkononi.

Nilikuwa nimeshasoma kisa hiki mara kadhaa kabla sijajiuliza swali ambalo mpelelezi wa mchanga angepaswa kuliuliza kwanza. Reli ile ilitoka wapi?

Ilijengwa na wafungwa. Kuanzia 1904 Waherero, kisha Wanama, walipigana na Wajerumani waliokuwa wakiwanyang'anya ardhi na mifugo. Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwamaliza Waherero tarehe 2 Oktoba 1904. Jina lake si geni huku kwetu: alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki kati ya 1894 na 1897, miaka ya vita na Wahehe. Waliosalia walifungwa kambini. Kambi iliyoogopwa zaidi ilikuwa Kisiwa cha Papa, mwamba mtupu unaopigwa na upepo katika bandari ya Lüderitz, na kutoka huko watu walipelekwa kujenga reli. Ni miaka ile ile ambayo kusini mwa Tanganyika watu walikuwa wanauawa na kufa njaa katika Vita vya Maji Maji. Hesabu ya Wajerumani wenyewe inasema kwamba kati ya Januari 1906 na Juni 1907, wafungwa 2,014 walifanya kazi kwenye reli ya kusini, na 1,359 kati yao walikufa. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama aliyewahi kuwasumbua sana Wajerumani vitani, alifia kisiwani Februari 1907.

Chini ya mwaka mmoja baada ya hesabu hiyo kufungwa, Lewala alikuwa anazoa mchanga kwenye reli hiyo. Mchanga ulikuwepo kwa sababu ulikuwa safarini kutoka Lesotho. Jiwe lilikuwepo kwa sababu lilikuwa katika msafara mmoja na mchanga. Yeye alikuwepo kwa sababu kulikuwa na reli. Wafu waliojenga reli walikuwa karibu, katika makaburi yasiyo na alama kwenye mchanga nje ya mji, ambako upepo huwafunika na kuwafunua.

Wenye machimbo waliitafuta asili ya almasi kwa bidii ambayo hakuna aliyeionyesha kwa wafu hao. Huko Kimberley almasi huchimbwa ndani ya shingo za volkano za kale, miamba ya kimberliti, zilimopandia kutoka kina kirefu cha dunia. Hata Mwadui yetu iko hivyo: almasi ambazo John Williamson alizipata mwaka 1940 zilikuwa nyumbani kwao, juu ya kimberliti yenyewe. Lüderitz hapakuwa na shingo ya volkano yenye almasi. Wengine walidhani imejificha chini ya bahari. Lakini mawe yenyewe yalikuwa yanatoa ushahidi. Kadiri ulivyokwenda kaskazini yalizidi kuwa madogo, na kadiri ulivyorudi kusini yalizidi kuwa makubwa, mpaka kwenye mdomo wa Orange, ambako katika miaka ya 1926 na 1927 Hans Merensky alikuta utajiri mkubwa upande wa kusini wa mto, kwenye changarawe zilizochanganyika na magamba ya chaza wa kale. Mto ulikuwa umeyabeba kutoka bara, na mawimbi yalikuwa yameyapanga kwa ukubwa. Mawe yenye nyufa yalivunjika njiani, na ndiyo sababu almasi nyingi mno za Namibia zinafaa kwa vito. Hoja hiyo, ya kitu kinachobadilika polepole kando ya njia mpaka kikufikishe mlangoni kwa mwenyewe, ndiyo hoja ambayo sisi tunaitumia leo kwa ganeti na pairoksini. Sayansi yangu imerithi hapo. Sioni haja ya kuficha.

Kuna picha za miaka ya Wajerumani zinazoonyesha jinsi almasi zilivyookotwa. Wafanyakazi, wengi wao Waovambo walioletwa kwa mkataba kutoka kaskazini, wamepiga magoti kwa mstari, bega kwa bega, nyuso karibu na ardhi, wanatambaa mbele pamoja. Msimamizi amesimama nyuma. Kabla ya vita vya 1914, karati zaidi ya milioni 4 zilitoka kwenye mchanga ule. Kila karati ilipimwa, ikaandikwa daftarini na kulipiwa kodi.

Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya kimbari, kwa mtazamo wa leo kama walivyosema, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi ya maendeleo katika miaka 30. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema hawakuwa mezani wakati maneno hayo yanapangwa. Niliifuatilia habari hiyo kwa simu, kama watu wengi wa rika langu, nikiwa na maswali ya hapa nyumbani kuhusu mafuvu ya watu wetu yaliyoko Berlin. Mafuvu hayo pia wataalamu wanajaribu kuyatafutia asili, kwa lebo, kwa daftari za makumbusho, kwa vinasaba.

Nilimaliza punje mia tatu siku ya Ijumaa jioni. Pairoksini zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, ganeti za rangi ya waridi zikifuata, zirkoni chache. Kuna jambo moja la utaratibu ambalo sikulitaja. Tunahesabu punje angavu tu. Zile zisizopitisha mwanga, ambazo chini ya hadubini ni vivuli vyeusi, tunaziruka, kwa kuwa kwa chombo hiki haziwezi kutajwa jina. Kwenye fomu zina mstari wake chini kabisa, na watu wengi huuacha wazi. Kwenye kioo changu zilikuwa nyingi. Kuna safu ambazo nilipita punje nne, tano za giza kabla ya kufika kwenye moja ya kuandika.

Nikarudi mwanzo wa kioo. Sikuweza kuzipa majina, lakini niliweza kuzihesabu, nikazihesabu zote mpaka taa za korido zikazimwa na mzee akaja na funguo zake. Akachukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa hadubini kusoma karatasi niliyoibandika.

"Mchanga wa wapi huu, binti?"

"Wa Lesotho, mzee."

"Mbona umeandika Namibia?"

Nikamvutia kiti.